Hatujachoshwa na mashujaa, tumechoshwa na vifo visivyouma

Mwanzisha uzi

Wakuu, nitangulize tahadhari. Katika uzi huu nitataja miisho ya filamu nyingi zilizotoka kati ya 2022 na 2025, pamoja na chache za kabla ya hapo, kwa hiyo mwenye viporo vya kutazama na asiyependa kuondolewa utamu aupite kwanza, aurudie akishamaliza.

Kila filamu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu inapodorora sokoni, maelezo yanayotolewa ni yale yale, kwamba watazamaji wamewachoka mashujaa. Maelezo hayo ni mepesi mno, na hayaendani hata na hesabu zenyewe. Mwaka 2023 Marvel Studios walitoa Guardians of the Galaxy Vol. 3 mwezi wa tano, ikaingiza takriban dola milioni 845 duniani kote, kisha mwezi wa kumi na moja wakatoa The Marvels, ambayo iliambulia takriban dola milioni 206 na kuwa filamu yenye mapato madogo kuliko zote katika mfululizo wao. Studio ni ileile, mwaka ni uleule, na watazamaji kwa sehemu kubwa ni walewale. Mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine ikavuka dola bilioni 1.3. Kama huko ndiko kuchoka, basi ni uchovu unaochagua sana.

Ninachokiamini mimi ni kwamba kilichotuchosha ni filamu ambazo ndani yake hakuna kinachopotea. Sisi wapenzi wa filamu za mapigano tunaijua kanuni ya zamani kwamba steringi hafi, na hatujawahi kuilalamikia, kwa sababu kanuni hiyo ilikuwa na nusu ya pili isiyosemwa: steringi hafi, lakini atamzika mtu wake, atavunjwa, atanyang'anywa kitu ambacho ushindi wa mwisho hautakirudisha. Ni nusu hiyo ya pili ambayo waandishi wa filamu kubwa wameanza kuifuta, na wakiifuta, pigano lolote lile, hata lingegharimu mamilioni mangapi, linabaki kuwa taa na kelele.

Avengers: Endgame ya 2019 ilikuwa filamu ya 22 katika mfululizo ulioanza na Iron Man mwaka 2008, na iliingiza karibu dola bilioni 2.8. Wengi hukumbuka kundi zima la mashujaa likitokea kwenye yale malango ya mwanga. Mimi nakumbuka zaidi kwamba Tony Stark, yaani Iron Man, alikufa akabaki amekufa, na kwamba Natasha Romanoff alijitupa kwenye jabali la Vormir na hakuna aliyeweza kumrudisha, hata baada ya mawe yote sita ya nguvu kupatikana na nusu ya viumbe wote kurejea. Filamu ile ilirudisha mabilioni ya watu kwa mkono mmoja, ila kwa mkono mwingine ilitoza bei, na ndiyo maana watu walitoka wakiwa na macho mekundu.

Sasa iweke kando ya Ant-Man and the Wasp: Quantumania ya mwanzoni mwa 2023. Filamu ile ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kutuogopesha kwa Kang, ambaye alikusudiwa kuwa adui mkuu wa miaka mingi mbele. Kang huyo anayesimulia jinsi alivyoua mashujaa wengi hadi akawasahau anaishia kuzidiwa nguvu na siafu. Siafu wakubwa, nakubali, na wenye elimu, lakini ni siafu. Halafu inakuja dakika ambayo kwangu ni mfano kamili wa ninachokisema: Scott (Ant-Man) na Hope (Wasp) wanabaki upande wa pili, lango limefungwa, na kwa muda mfupi unaona kwamba hapa filamu imepata ujasiri, baba amekosa tena kurudi kwa binti yake kama alivyomkosa miaka mitano. Kabla hujakaa sawa na wazo hilo, binti huyo, Cassie, anafungua lango jingine na wote wanarudi nyumbani. Kwa nini lango lilifungwa basi?

Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022 ilifanya jambo hilohilo kwa sura nyingine. Inatuletea Charles Xavier wa Patrick Stewart, inatuletea Reed Richards, inatuletea Captain Carter, na mchawi Wanda anawachinja wote katika pigano moja ambalo kwa ufundi wa mwongozaji Sam Raimi ni tamu kulitazama. Lakini hakuna anayeomboleza. Wale ni watu wa ulimwengu mwingine, hata Strange mwenyewe hawafahamu, na ulimwengu wao tunauacha nyuma bila kujua ulifanya nini kesho yake. Kifo kinageuka kuwa zawadi ya kushangiliwa.

The Marvels ilikuwa na tatizo la namna nyingine kidogo. Hisia zote za msingi zilikuwa zimewekwa kwingine: namna Monica Rambeau alivyopata nguvu ilikuwa katika tamthilia ya WandaVision, familia ya Kamala Khan ilikuwa katika Ms. Marvel, na mtu aliyeingia sinema bila kuzitazama hizo alikuta anaombwa awapende watu asiowajua. Filamu yenyewe ni ya dakika 105, fupi kuliko zote za Marvel Studios, na inaonekana wazi kwamba ilikatwakatwa. Nasikitika kusema hivyo kwa sababu Iman Vellani aliyeigiza Kamala ni furaha tupu kila anapotokea, na mapigano yale ya mashujaa watatu wanaobadilishana mahali kila wanapotumia nguvu ni mojawapo ya mawazo mapya machache ya mwaka ule.

Wengi humalizia hapa kwa kulaumu malimwengu sambamba, kwamba wazo la kuwa na nakala nyingi za kila mtu ndilo lililoharibu kila kitu. Siendi nao huko. Spider-Man: No Way Home ya 2021 ina Peter Parker watatu na maadui wa filamu za zamani za Spider-Man, na bado inauma, kwa kuwa shangazi May anakufa moja kwa moja, na mwishoni Peter anakubali asahauliwe na kila aliyempenda. Anaingia dukani akiwa na maneno aliyoyaandika kwenye karatasi, anamwona MJ, anamwona Ned, na anaondoka bila kuyasoma. Filamu ile iliingiza takriban dola bilioni 1.9, na hakuna aliyekuwa akilalamikia malimwengu wakati ule. Spider-Man: Across the Spider-Verse ya 2023 ilikwenda mbali zaidi ikaifanya hasara yenyewe kuwa mada. Miguel O'Hara, kiongozi wa akina Spider-Man, anamwambia Miles, Spider-Man kijana, kwamba kila Spider-Man lazima ampoteze mtu fulani ili ulimwengu wake usivunjike, na Miles anakataa. Filamu nzima ni mabishano juu ya kanuni ninayoijadili hapa, na wanaobishana wote wana hoja za maana. Ubaya wake ni kwamba inakatika katikati ya hadithi, na sehemu inayofuata, ambayo awali ilipangiwa 2024, imesogezwa hadi 2027.

James Gunn naye, katika ile Guardians ya tatu, alikuwa na Gamora aliyerudi kutoka wakati mwingine baada ya Gamora wa kwanza kuuawa na Thanos. Njia rahisi ilikuwa kumfanya ampende upya Quill, kiongozi wa kundi na mpenzi wake wa zamani. Gunn hakumpa Quill faraja hiyo. Gamora huyu hamjui, anamwonea huruma kidogo, na mwishoni anarudi kwa watu wake wengine. Mtu aliyekufa amerudi na bado Quill amempoteza. Sijaona mwandishi mwingine wa Marvel aliyeutumia ufufuo kwa werevu namna hiyo.

Ya The Flash, iliyotoka mwaka huohuo wa 2023, nitaipitia haraka. Katikati ya vurugu za picha za kompyuta na sura za waigizaji wa zamani zilizotengenezwa upya kuna tukio moja la dukani ambapo Barry, yaani The Flash, anauondoa mkebe wa nyanya ambao ungemwokoa mama yake na hivyo kukubali afe, na ni tukio zuri kwelikweli. Kisha anarekebisha kitu kidogo kingine ili baba yake aachiwe huru, na filamu inafunga kwa kichekesho.

Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 siwezi kuipima kwa mizani ileile. Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020, na Ryan Coogler akaamua kutomweka mwigizaji mwingine katika nafasi ya T'Challa. Filamu ina mapungufu, hasa hadithi ya pembeni ya majasusi wa Marekani na haraka ya kumtambulisha Riri Williams kwa ajili ya tamthilia yake. Lakini Angela Bassett anaposimama mbele ya baraza na kuuliza kama hajatoa kila kitu, hakuna mtu ukumbini aliyehitaji kufafanuliwa. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ile, na Ruth E. Carter akashinda ya mavazi kwa mara ya pili baada ya ile ya filamu ya kwanza.

Tuje 2025, mwaka ambao ulileta filamu nne kubwa za namna hii ndani ya miezi sita.

Captain America: Brave New World nitaisema kwa ufupi: trela na mabango yalishatuonyesha kwamba rais Ross atageuka Hulk mwekundu, ilhali filamu imejengwa kama fumbo ambalo jibu lake ni hilo. Kilichokuwa na uzito ni Isaiah Bradley wa Carl Lumbly, mzee ambaye serikali ilimfunga miaka 30 na anaona mlango wa jela ukifunguka tena mbele yake. Kila anapoondoka kwenye skrini, filamu inapungua.

Thunderbolts* ya Jake Schreier ndiyo niliyoipenda kuliko zote za Marvel mwaka ule. Inaanza na Florence Pugh kama Yelena akiruka kutoka juu ya mnara wa Merdeka 118 wa Kuala Lumpur, jengo la pili kwa urefu duniani, na mwigizaji mwenyewe ndiye aliyeruka. Lakini kinachoshika moyo ni sababu ya yeye kuwa pale: dada yake Natasha amekufa, na miaka haijaliziba pengo hilo. Kifo cha Vormir cha 2019 bado kinafanya kazi mwaka 2025. Adui wa filamu ni huzuni yenyewe iliyopewa mwili, na watu wa New York wanaogeuzwa vivuli wanarudi wote mwishoni, jambo ambalo kwa hoja yangu lingepaswa kuniudhi. Halikuniudhi, kwa kuwa filamu haikudai kamwe kwamba swali ni nani atakufa. Swali lilikuwa kama Bob, kijana aliyebeba huzuni hiyo, atakubali kushikwa mkono. Iliingiza takriban dola milioni 382, kiasi kidogo kwa filamu ya Marvel, kwa hiyo mtu asije akanisoma kana kwamba nasema filamu yenye uzito lazima iuze.

Superman ya Gunn ilinishangaza kwa mwanzo wake. Haturudishwi Krypton, haturudishwi shambani utotoni. Tunaambiwa kwa maandishi kwamba Superman ameshindwa pigano kwa mara ya kwanza, na tunamkuta akidondoka kwenye theluji anatema damu na kumpigia mbinja mbwa wake. David Corenswet anamcheza kama kijana mwema anayekasirika akihojiwa, na mahojiano yake na Lois Lane wa Rachel Brosnahan ni pigano bora kuliko mengi ya ngumi. Mambo mawili yanaifanya filamu iwe na gharama. Mfanyabiashara mdogo aliyemsaidia Superman barabarani anauawa na Luthor mbele ya macho yake, na harudi. Na ule ujumbe wa wazazi wake wa Krypton unaomwagiza awatawale wanadamu, ambao mimi nilikuwa na hakika ungegeuka kuwa uzushi wa Luthor, unabaki kuwa wa kweli hadi mwisho. Anapaswa kuishi akijua wazazi aliowatukuza walikuwa na nia gani. Mwandishi mwingine angeufuta ujumbe ule katika dakika kumi za mwisho.

Na hapo ndipo The Fantastic Four: First Steps iliponivunja moyo, maana ilikuwa imebakiza hatua moja. Galactus, jitu linalomeza sayari, anawapa wanandoa Reed na Sue chaguo: wamtoe mtoto wao au dunia iliwe. Wanakataa, wanasimama mbele ya waandishi wa habari na kusema hivyo, na watu waliokuwa wakiwashangilia wanawageuka. Hilo ni swali gumu kuliko lolote lililowahi kuulizwa na filamu za kundi hili. Mwishoni Sue wa Vanessa Kirby anatumia nguvu zake zote kumsukuma Galactus langoni, na anakufa. Mama amelipa. Kisha mtoto anawekwa kifuani pake na Sue anafumbua macho. Nilisikia ukumbi mzima ukishusha pumzi, wengine kwa furaha, mimi kwa kukata tamaa.

Filamu za mapigano zisizo na nguvu za ajabu zina faida kwamba mwili wa mtu hauwezi kudanganya sana. Chad Stahelski, mwongozaji wa John Wick, alianza kama mchezaji wa matukio ya hatari na ndiye aliyesimama badala ya Keanu Reeves katika The Matrix, na hilo unaliona. Katika John Wick: Chapter 4 ya 2023 kuna ngazi 222 za kupandia kanisa la Sacré-Cœur jijini Paris, Wick anapigana kuzipanda, na akikaribia juu anasukumwa na kubingirika hadi chini kabisa. Anazitazama. Ukumbi ulicheka, halafu ukanyamaza, kwa sababu alianza tena. Hapo gharama inahesabika kwa ngazi. Sikatai kwamba koti lisilopenywa na risasi limerahisisha mambo mno, wala kwamba anaanguka kutoka ghorofani na kuinuka kwa namna inayomtania daktari yeyote.

Tom Cruise anafika palepale kwa njia nyingine. Katika Top Gun: Maverick ya 2022 waigizaji walirushwa kweli katika viti vya nyuma vya ndege za kivita huku kamera zikiwa ndani ya chumba cha rubani, na nyuso zile zinazovutwa chini na uzito wa mzunguko haziigizwi. Kuruka kwake na pikipiki kwenye jabali la Norway katika Mission: Impossible ya 2023 tulikuwa tumeonyeshwa jinsi kulivyorekodiwa miezi kadhaa kabla, na bado viganja vililowa jasho. The Final Reckoning ya 2025 ina saa ya kwanza nzito yenye maelezo mengi yanayosimuliwa na watu waliosimama vyumbani, lakini inamzika Luther wa Ving Rhames, aliyekuwamo tangu 1996, na kile kipande cha ndege mbili za mabawa mawili kilirekodiwa angani Cruise akining'inia.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, hoja imepangwa vizuri ila umeukwepa ushahidi unaoibomoa. Deadpool & Wolverine umeitaja kwa mapato yake kisha ukaipita. Filamu ile inaanza kwa kufukua kaburi la Logan, yaani Wolverine wa zamani, na kutumia mifupa yake kama silaha, yaani kile kifo cha 2017 kilichotuliza wengi wetu kinageuzwa mchezo hadharani, halafu Wolverine mwingine analetwa na maisha yanaendelea. Hakuna kinachopotea, na watu wamelipa zaidi ya dola bilioni 1.3. Utasemaje?

Mwanzisha uzi

Nashukuru, mkuu. Hoja yako ni ya haki na ndiyo ngumu kuliko zote. Naona mambo mawili. Kwanza, kifo cha Logan hakikufutwa. Kaburi linafukuliwa na mifupa imo, na Deadpool anatwambia waziwazi kwamba huyu amekufa na atafutwe mwingine. Wolverine anayepatikana ni yule aliyeiangusha dunia yake mwenyewe, analewa kwa sababu wenzake waliuawa yeye akiwa hayupo, na hao hawarudi hadi filamu inaisha. Hugh Jackman alicheza hasara hiyo bila utani hata pale mwenzake alipokuwa akitania kila kitu. Pili, filamu ile ni maziko ya studio nzima. 20th Century Fox ilikwishanunuliwa na Disney mwaka 2019, na wale wanaoishi jangwani, kama Elektra wa Jennifer Garner na Gambit wa Channing Tatum aliyesubiri filamu yake isije, ni watu ambao kazi yao iliachwa bila mwisho. Walipewa mwisho. Watu waliolipa walikuja kuaga, na kuaga kunafanyika mara moja. Ndiyo maana sitarajii mafanikio yale yajirudie kwa kuleta tu sura nyingine za zamani.

Mchangiaji wa pili

Mimi nahisi mnatafuta sababu za kisanaa kwenye jambo la kawaida la biashara. Mtu anajua kwamba akivumilia kidogo filamu itamfuata nyumbani. Superman ilitoka sinema Julai 11, 2025 na kufikia katikati ya Agosti ilikuwa inauzwa mtandaoni. Kwa nini nipange foleni? Aidha, ile Mission: Impossible ya 2023 ilianguka kwa sababu ilitoka siku chache kabla ya Barbie na Oppenheimer, na Oppenheimer ikachukua kumbi za IMAX, zile zenye skrini kubwa sana. Ubora wa hadithi haukuhusika.

Mwanzisha uzi

Kwa upande wa Mission: Impossible nakuunga mkono bila masharti, hata filamu nzuri haiwezi kushindana ikiwa imenyimwa kumbi. Kuhusu kusubiri nyumbani, nakubali kwamba studio zimetuzoesha wenyewe. Hata hivyo, kusubiri ni uamuzi, na uamuzi huo hutegemea kama mtu anaogopa kupitwa. Mwaka 2019 tulikimbilia Endgame siku za mwanzo kwa kuogopa kusimuliwa nani amekufa. Ukishajua kwamba atakayekufa atarudi, hata habari ukisimuliwa haikupunguzii chochote, basi unasubiri kwa amani.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze upande wa mafundi, kwa kuwa kila tunapotukana picha za kompyuta za Quantumania tunawatukana watu waliopewa muda mfupi na mabadiliko ya kila wiki. Septemba 2023 mafundi wa picha wa Marvel wenyewe walipiga kura kuunda chama cha wafanyakazi, na si watu wavivu hao. Upande wa pili kuna Godzilla Minus One ya Japani, iliyotengenezwa kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola milioni 15. Takashi Yamazaki aliandika, akaongoza na kusimamia picha za kompyuta yeye mwenyewe, akiwa na mafundi 35, na Machi 2024 wakachukua Oscar ya athari za picha mbele ya filamu ambazo baadhi zilitumia mara kumi ya fedha hizo na zaidi. Siri ilikuwa ni kwamba aliyeamua alikaa chumba kimoja na waliotengeneza, na alijua anataka nini kabla hajapiga kamera.

Mwanzisha uzi

Umeniwahi, mkuu, nilikuwa naiweka filamu hiyo kwa ajili ya mjadala huu. Nitaongeza kwamba zimwi la Yamazaki linatisha kwa sababu ya Shikishima, rubani aliyekwepa kufa vitani na anayejiona hana haki ya kuishi wala kuoa. Tunapewa muda mrefu wa kumwona akijenga nyumba na familia isiyo ya damu kabla Godzilla hajafika Ginza jijini Tokyo, na anapofika tunajua hasa nini kitavunjika. Kuna wanaosema kurudi kwa Noriko, mwanamke anayeishi naye, hospitalini mwishoni ni ufufuo wa bei rahisi kama wa Sue Storm. Sioni hivyo, kwa sababu ya ile alama nyeusi inayopanda shingoni mwake. Amerudi, ila kuna kitu amerudi nacho.

Kwa wachezaji wa matukio ya hatari nao kuna habari njema: Academy, taasisi inayotoa Oscar, ilitangaza Aprili 2025 kwamba itaanza kutoa Oscar ya ubunifu wa matukio hayo kwa filamu zitakazotoka 2027. The Fall Guy ya David Leitch, ambayo gari lake lilibingirika mara nane na nusu na kuweka rekodi ya dunia, ilikuwa barua ndefu ya kudai tuzo hiyo.

Mchangiaji wa kwanza

Basi tuambie la Avengers: Doomsday inayopangwa kutoka Desemba 2026. Wamemrudisha Robert Downey Jr. kama Doctor Doom. Kwa hoja yako hilo si ndilo kosa kubwa kuliko yote? Sura ya Tony Stark imefufuliwa.

Mwanzisha uzi

Inategemea watakachofanya na sura hiyo, na kwa sasa nina mashaka zaidi kuliko matumaini. Wakiitumia kama kivutio cha bango, Doom akavua kofia ukumbi upige kelele, kisha kila mtu aendelee kurusha ngumi, watakuwa wameifukua Endgame bila kuwa na utani wa Deadpool wa kuwakinga. Lakini kuna njia moja ambayo ingenipeleka sinema siku ya kwanza. Stark aliacha mjane, akaacha binti aliyekuwa mdogo mazishini, akaacha rafiki kama Rhodey aliyemjua kabla hajavaa chuma. Nataka mmoja wa hao ndiye awe wa kwanza kumwona Doom bila kofia, apewe dakika nzima ya kumtazama, na Doom asimtambue kabisa.